Mwanya wa Ukoo

Kaburi la baba yangu, pale Ulemo, lina kosa la sarufi. Limeandikwa kwa msumari kwenye saruji, kwa herufi kubwa, na halifutiki. Watu wakilisoma hucheka, kisha huulizana, "Hivi huyu mzee si ndiye aliyemzaa mwalimu?" Ndiye. Mwalimu mwenyewe ni mimi, Sostenes, na kosa ni langu, ingawa sifundishi Kiswahili. Nafundisha baiolojia. Nitaeleza jinsi baiolojia yangu ilivyoharibu Kiswahili cha watu.

Nimefundisha kwa miaka ishirini na tisa, na mada niliyoipenda kuliko zote ni ile ya urithi, kwa sababu katika mada hiyo kielelezo kilikuwa mimi. Kila mwaka nilisimama mbele ya kidato cha nne na kutabasamu mpaka fizi zikaonekana.

"Mnaona nini?"

"Mwanya, Mwalimu!"

"Mwanya huu niliutoa wapi?"

Hapo nilianza kutembea huku na huku, mikono nyuma, najisikia raha. Niliwaambia kwamba ndani ya kila seli ya mwili kuna nyuzi arobaini na sita ziitwazo kromosomu, ishirini na tatu kutoka kwa baba na ishirini na tatu kutoka kwa mama. Nyuzi hizo zimebeba DNA, na DNA ni maandishi marefu ajabu yaliyoandikwa kwa herufi nne tu. Kipande cha maandishi hayo kinachotoa agizo fulani ndicho jeni. Kuna jeni inayotawala: ukiipata kwa mzazi mmoja tu, yatosha, sifa yake itaonekana. Na kuna jeni inayojificha, hiyo haionekani mpaka uipate kwa wazazi wote wawili. "Mwanya wa kwetu," nilimalizia, "ni jeni inayotawala. Baba anao. Mimi na wadogo zangu wanne tunao. Watano kwa watano!"

Mwaka mmoja binti aitwaye Peniel alinyoosha mkono. "Mwalimu, mbona watoto wako wote wanne hawana?"

"Kwao imejificha," nikasema.

"Lakini Mwalimu, umesema inayotawala haijifichi."

Nilimtuma ofisini akalete chaki. Chaki nilikuwa nayo mkononi.

Jambo lingine nililowafundisha, na naomba mlikumbuke maana mimi nililisahau, ni kwamba kinachofanywa kwenye mwili hakiandikwi kwenye DNA. Fundi akikatwa kidole na msumeno, mtoto wake hazaliwi bila kidole. Nililiimba hilo hadi wanafunzi wakaweza kulisema wakiwa wamelala.

Sasa soksi. Wanafunzi waliniita Mwalimu Soksi, kwa kuwa nilivaa soksi mwaka mzima, hata na kandambili, hata mwezi wa kumi jua la Iramba linapochoma kama pasi. Sababu ni kwamba kidole cha pili na cha tatu cha miguu yangu vimeshikana kwa ngozi hadi karibu na kucha, kulia na kushoto. Nilipokuwa darasa la tatu waliniita Bata, na nikaapa hakuna mtu mwingine atakayeniona miguu. Baba naye alikuwa hivyohivyo. Yeye alivaa mabuti ya mvua, hata kiangazi, hata akiwa anavuna alizeti. Kati yetu watano ni mimi peke yangu niliyeipata miguu hiyo, na hiyo sifa sikuwahi kuiandika ubaoni. Mwenye akili atauliza kwa nini mwalimu wa urithi anaficha urithi. Alikuwapo mwenye akili darasani, lakini nilikuwa nimemtuma chaki.

Baba yangu, Mzee Abraham, alifariki akiwa na miaka themanini na mbili. Baada ya mwaka tukapanga kumjengea kaburi, Jumamosi, mchungaji aje, tufunue msalaba, watu wale. Kwa desturi yetu mzaliwa wa kwanza ndiye anayevuta kitambaa cha msalaba. Mzaliwa wa kwanza ni mimi. Nilishona suti. Nilikuwa pia nimeandika wasifu wa marehemu, kurasa tatu, na mstari mmoja wa kuandikwa kwenye kaburi: AMEACHA WATOTO WATANO.

Jumatano jioni bodaboda kutoka Shelui ilisimama uani kwangu ikamshusha mama mmoja mnene, amevaa viatu vya kufunika, ameshika ndoo ya asali. Mke wangu, Elina, akamkimbilia. "Shikamoo mama, karibu." Mgeni akaitikia marahaba, akaketi, akasema anaitwa Febronia, ametoka Itigi, ana miaka sitini, na kwamba yeye ni mtoto wa Mzee Abraham.

Elina aliacha kumimina chai.

Yule mama alisema polepole, kama mtu aliyeyafanyia mazoezi njia nzima. Baba, kabla hajaoa, alifanya kazi ya reli Itigi, kwenye genge la kurekebisha njia. Mama yake Febronia alikuwa akiwapikia. Baba alirudi Ulemo kuoa, akiwa hajui kama ameacha mimba. Mama huyo alilificha jina la Baba mpaka alipokaribia kufa.

"Nimelijua jina lake miaka ishirini," Febronia alisema. "Kila mwaka nilisema nitakuja. Niliogopa asije akanikana. Sasa juzi mtu mmoja wa huku alikuja kununua asali, akaniambia mzee amekufa. Nimechelewa mwenyewe, simlaumu mtu."

"Unataka nini?" niliuliza. Naona aibu nikikumbuka sauti niliyoitumia.

"Si shamba. Shamba ninalo, na mizinga ninayo. Nataka nihesabiwe tu. Mkisema watoto wa marehemu, nami niwemo."

Mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu. Sitini. Nami nina hamsini na sita. Akihesabiwa, hahesabiwi wa mwisho. Anahesabiwa wa kwanza, anavuta kitambaa, na mimi na suti yangu tunasimama nyuma yake. Mtu mzima, ninakaribia kustaafu, niligombania kitambaa moyoni mwangu kama mtoto anayegombania ukoko wa wali.

Na kulikuwa na shikamoo. Kama ni dada yangu, ilinipasa kumwamkia. Nilisema, "Habari za safari?" Akaniangalia kidogo, akasema, "Nzuri." Elina alinikanyaga mguu, akakanyaga soksi.

Alhamisi asubuhi nilitoka na mswaki kwenda bombani nyuma ya jiko. Febronia alikuwa ameketi kwenye jiwe, viatu pembeni, ananawa miguu. Nikaiona. Kidole cha pili na cha tatu, vimeshikana, kulia na kushoto, hadi karibu na kucha.

Nilirudi ndani kinyumenyume, povu la dawa mdomoni.

Sitajisingizia kwamba sikuelewa. Ndilo jambo pekee duniani ninalolipwa kulielewa. Sifa ile inatawala. Jeni moja kutoka kwa mzazi mmoja inatosha. Lakini nilijiambia kwamba watu wawili wasiojuana wanaweza kuwa na vidole vya namna hiyo, kwamba sampuli ni ndogo, kwamba mwanasayansi hakurupuki. Sijawahi kuwa mwanasayansi makini kama siku zile mbili. Febronia mwenyewe alivaa viatu vyake, akaenda kumsaidia Elina kuchambua mchele. Hakujua vidole vyake vina maana yoyote. Inaelekea naye alizoea kuvificha.

Jumamosi saa mbili asubuhi tulikaa kikao cha ukoo chini ya turubai, hatua chache kutoka kaburini. Mchungaji alitazamiwa saa nne. Fundi Amosi alikuwa ameshalainisha saruji ya mwisho na anaandika kwa msumari, huku karatasi yangu imekandamizwa kwa kokoto mbele yake. Walikuwapo wadogo zangu wote, msemaji wao akiwa Simeoni, anayenifuata. Alikuwapo shangazi Rebeka, dada pekee wa baba aliyebaki. Febronia aliwekwa kwenye kiti cha plastiki, peke yake, begi miguuni.

"Kaka ndiye msomi," Simeoni alisema. "Atuambie sayansi inasemaje."

Nilikuwa na chaki mfukoni. Nililala nayo. Nikaenda kwenye mlango wa chuma wa stoo, nikachora kisanduku chenye vyumba vinne, M kubwa na m ndogo, kama nilivyofanya kwa miaka ishirini na tisa, nikaueleza ukoo wangu habari za kromosomu. Wazee walitikisa vichwa kwa heshima. Nilipofika mwisho niligeuka, nikatabasamu mpaka fizi zikaonekana.

"Baba alikuwa na mwanya. Watoto wake wote watano tuna mwanya. Ni sifa ya ukoo. Sasa, kwa heshima zote, mama yetu huyu atabasamu tumwone."

Febronia hakutabasamu. Nani angetabasamu? Lakini alifungua mdomo kidogo, kama aliyeambiwa na daktari, na meno yake yalikuwa yamebanana vizuri, hayapitishi hata uzi.

"Basi," nikasema, nikajipangusa chaki mikononi. "Sayansi haina chuki na mtu."

Hapo ndipo shangazi Rebeka alipoanza kucheka. Alianza chinichini, nikadhani anakohoa. Kisha mtandio ukamwanguka, akajishika mbavu.

"Sostenes! Mwanya gani wa ukoo? Mwanya ule ni wa tupa!"

"Wa nini, shangazi?"

"Tupa! Ile ya kunolea majembe. Mama yetu, bibi yenu, alikuwa nayo ndogo, kaifunga kwenye kitambaa. Alisema mtu asiye na mwanya hana sura. Alimchonga Abraham, akanichonga mimi," akafunua mdomo, akaonyesha, "akawachonga ninyi wote watano mlipoota meno ya ukubwani. Wewe ulimng'ata!"

Ghafla nikakumbuka. Nina miaka tisa, kichwa changu kimebanwa katikati ya magoti ya bibi, kuna ladha ya chuma, na siku tatu siwezi kunywa maji ya baridi. Kumbe! Maisha yangu yote nilidhani nilikuwa natibiwa jino.

Nilimgeukia Simeoni. "Wewe ulijua?"

"Nilijua, kaka. Nilidhani na wewe unajua. Wewe ndiye msomi."

Turubai zima lilicheka. Walicheka wadogo zangu, wakacheka mashemeji, akacheka mpishi aliyekuwa na mwiko mkononi. Miaka ishirini na tisa nimewaonyesha watoto wa watu kazi ya tupa nikiiita kromosomu! Nikamkumbuka Peniel, ambaye sasa ni nesi, na nikatamani ardhi ya Ulemo ipasuke mahali pengine mbali na kaburi la baba, inimeze.

Febronia peke yake hakucheka.

Kicheko kilipopoa, Simeoni alikohoa. "Sasa ndugu zangu, hapa tumebaki bila kitu. Mwanya haumkatai, lakini pia hakuna kinachomkubali. Labda siku moja wakapimwe hiyo DNA, huko mjini."

"Na saruji itasubiri majibu?" aliuliza shangazi.

"Ndiyo maana nasema tuandike watano, tusije tukajuta. Mama Febronia atatusamehe. Atabaki mgeni wetu wa heshima."

Watu wakaitikia kwa kuguna. Febronia aliinuka, akakaza khanga yake.

"Sawa," alisema. "Kaburi lake nimeliona. Asali mtaitumia, ndoo sina haja nayo." Akainama kuchukua begi. Akakosa mshikio mara ya kwanza, akaukamata mara ya pili.

"Mwalimu!" Fundi Amosi aliita. "Mmeamua? Nimefika AMEACHA WATOTO, nimeshaanza na WA. Saruji inashika hii!"

Watu wote waliokuwa pale walikuwa hawajui. Mimi nilikuwa najua, tangu Alhamisi, nikiwa na mswaki mdomoni. Ningeweza kusema, "Ana miguu ya baba." Lakini hapo wangemwambia avue viatu, wamzunguke, wamkague kama mbuzi mnadani, mwanamke wa miaka sitini aliyeificha miguu yake maisha yake yote. Nilijua jinsi hiyo inavyouma. Nilijua kuliko mtu yeyote chini ya lile turubai.

Nikaketi kwenye benchi, nikavua viatu vya suti. Nikavua soksi. Nikavua na ya pili.

Miguu yangu haikuwa imeona jua kwa miaka arobaini na saba. Ilikuwa imepauka kama viazi vilivyosahauliwa stoo. Mtoto mmoja alisema, "Mama, bata!" akafinywa. Mke wangu aliniangalia kana kwamba nimesimama uchi, na kwa kweli nilijisikia hivyo.

"Hii ndiyo ya baba," nikasema. "Ya tupa siyo. Hii. Mama Febronia, samahani. Mimi nimeshavua. Wewe ukitaka, vua. Usipotaka, mimi nitasema nilichokiona na wataniamini au wataacha."

Aliitazama miguu yangu. Aliweka begi chini. Akaketi, akainama kwa shida kwa sababu ya unene, akafungua viatu, kimoja, kingine, akaipanga miguu yake kwenye vumbi karibu na yangu.

Hakuna aliyecheka. Shangazi Rebeka alishuka kwenye kiti chake, akapiga magoti, akavishika vile vidole kwa mikono miwili.

"Abraham," alisema. "Huyu ni Abraham." Akaanza kulia, na Febronia akalia, na mimi mwalimu wa sayansi nililia nikitokwa na kamasi.

Febronia alijifuta kwa khanga. "Uliniona lini?" akaniuliza.

"Alhamisi. Bombani."

"Na leo Jumamosi."

"Ndiyo."

Akarudi kujifuta macho kwa khanga. Afadhali angenitukana.

"Mwalimu!" Fundi Amosi alikuwa amesimama, msumari juu. "Wangapi?"

"Sita!"

"Sita haikubali WA, nami nimeshaiandika. Nikifuta sasa hivi panabaki shimo."

Nilimtazama Simeoni. Simeoni alitazama miguu minne kwenye vumbi, akageuza uso. "Aandike," akasema.

"Endelea hapohapo, fundi," nikasema. Fundi Amosi akapiga magoti, akakandamiza msumari kwenye saruji iliyokuwa inakuwa ngumu, akaandika SITA, akiibananisha na ile WA ili isionekane kama imesahauliwa.

Mchungaji alifika saa nne na nusu. Tuliimba, tukaomba, nikasoma wasifu, na kila palipoandikwa "watano" nikatamka "sita" huku nikikwaruza karatasi kwa kalamu. Wakati wa kufunua msalaba ulipofika, shangazi alimshika Febronia mkono akampeleka mbele. Febronia alikivuta kitambaa taratibu, akakikunja vizuri, akakiweka kifuani. Mimi nilisimama nyuma yake na suti mpya, miguu mitupu, maana soksi zilikuwa zimechukuliwa na mtoto kuchezea.

Watu walipoondoka kwenda kwenye chakula, yeye alibaki kaburini. Nikabaki naye. Aliinama kwenye saruji, akasoma kwa kidole, herufi kwa herufi, kama wasomavyo watu waliojifunza kusoma ukubwani.

"Ameacha watoto... wasita." Akanyanyua kichwa. "Wasita?"

"Ni kosa, la haraka. Ilikuwa iwe..."

"Siyo kosa," alisema. "Mimi nimesita miaka ishirini. Wewe tangu Alhamisi." Akanitazama, miguu kwanza, kisha uso. "Na mpaka sasa unasita nini tena, Mwalimu?"

Tangu Jumatano nilikuwa sijamwamkia.

"Shikamoo, dada," nikasema.

"Marahaba, mdogo wangu."